Daktari Hujifunza Penye Mgonjwa: Maelezo kwa Wananchi Kuhusu Mafunzo Kazini ya Madaktari

Mara kwa mara mgonjwa aliyelazwa, au jamaa yake aliyekwenda kumtazama, huona kundi la madaktari na wauguzi limekizunguka kitanda kimoja. Mkubwa wao huuliza na wadogo wakajibu. Mmoja hufungua kijitabu alichokitoa mfukoni, mwengine hutazama simu yake, kisha hujadiliana kabla ya dawa kuandikwa. Wako wananchi wanaolitazama jambo hilo kwa wasiwasi. Husema kwamba daktari anayefungua kitabu mbele ya mgonjwa hajui kazi yake, na kwamba mgonjwa amefanywa chombo cha majaribio.

Madhumuni ya makala hii ni kuwaeleza wananchi maana ya mafunzo hayo, asili yake, faida yake iliyothibitika, khasa hapa Zanzibar, na mipaka inayomlinda mgonjwa. Ni muhimu jambo hili lifahamike, kwani daktari anayeogopa kuonekana anauliza hulificha suali lake, na suali lililofichwa humdhuru mgonjwa.

MAANA YA MAFUNZO KAZINI

Daktari nchini Tanzania husomea shahada yake ya kwanza kwa miaka 5. Baada ya hapo hufanya mafunzo ya vitendo hospitalini kwa mwaka 1 chini ya usimamizi wa waliomtangulia, ndipo apate kusajiliwa kikamilifu. Wengi hudhani kuwa masomo yamekwisha hapo. Kwa hakika hapo ndipo yanapoanza masomo ya namna nyengine, yasiyo na tarehe ya kufunguliwa wala ya kufungwa.

Mafunzo kazini, kwa maana inayokusudiwa hapa, ni yale ambayo daktari huyapata akiwa katika kazi yake ya kila siku: wodini, katika chumba cha uzazi, katika chumba cha upasuaji na katika kliniki ya wagonjwa wa nje. Msingi wake ni mambo matatu. Kwanza ni mgonjwa aliyepo. Pili ni suali linalozuka kutokana na mgonjwa huyo. Tatu ni jawabu linalopatikana wakati bado linaweza kumfaa mgonjwa huyo huyo. Jambo la tatu ndilo lenye uzito zaidi, kwa sababu jawabu sahihi linalopatikana wiki moja baada ya mgonjwa kuondoka hospitali humfaidisha daktari, lakini mgonjwa limempita.

ASILI YAKE

Utaratibu huu si mgeni katika taaluma ya udaktari. Mwanzoni mwa karne ya 18, Herman Boerhaave wa mji wa Leiden, Uholanzi, alipata sifa Ulaya nzima kwa kuwafundisha wanafunzi penye vitanda vya wagonjwa, na vitanda alivyovitumia vilikuwa 12 tu. Mwishoni mwa karne ya 19, William Osler, daktari mzaliwa wa Kanada, aliwatoa wanafunzi katika ukumbi wa mihadhara na kuwaingiza wodini katika hospitali ya Johns Hopkins, mjini Baltimore, Marekani. Osler aliihesabu kazi hiyo kuwa ndiyo iliyomstahilia kukumbukwa kuliko vitabu vyote alivyoviandika.

Hapa Zanzibar, madaktari wetu kwa miongo mingi wamejifunza kwa kufanya kazi bega kwa bega na waliowatangulia, wenyeji na wageni. Timu za madaktari kutoka China, mathalan, zimekuwa zikija visiwani tokea mwaka 1964. Daktari mwenyeji aliyesimama pamoja nao katika chumba cha upasuaji amejifunza mengi ambayo hayakuwamo katika daftari lake la chuoni.

KWA NINI SHAHADA PEKE YAKE HAITOSHI

Wahenga walisema ujuzi hauzeeki. Kauli hiyo ni kweli kwa ujuzi wa mkono na wa jicho. Daktari aliyejua kulipapasa tumbo la mgonjwa akatambua palipo na maradhi hatausahau ujuzi huo. Lakini maarifa ya dawa na ya maradhi huzeeka, na pengine huzeeka upesi.

Mfano ulio karibu nasi ni wa malaria. Kwa miaka mingi kila daktari alifundishwa kuwa dawa ya malaria ni klorokwini, na wakati ule fundisho hilo lilikuwa sahihi. Vimelea vya malaria vilipoizoea dawa hiyo, wagonjwa wengi walirudi hospitali na homa ile ile. Mwezi wa Septemba 2003, Zanzibar ilianza kutumia dawa mseto katika vituo vyake vya afya. Pamoja na vyandarua vyenye dawa vilivyogawiwa baadaye, hali ilibadilika sana. Katika Wilaya ya Kaskazini A, Unguja, watoto wa chini ya miaka 5 waliokutwa na vimelea katika damu walipungua kutoka asilimia 9 mwaka 2003 hadi chini ya asilimia 1 mwaka 2006.

Daktari aliyehitimu mwaka 1995 hakufundishwa chuoni habari ya mabadiliko hayo, kwani yalikuwa bado hayajatokea. Ilimlazimu ajifunze akiwa kazini, huku wagonjwa wakimsubiri mlangoni. Aidha, mafanikio yenyewe yalizaa mtihani mwengine. Aliyefunzwa wakati malaria imeenea alizoea kuihesabu kila homa kuwa ni malaria. Ijapokuwa malaria huweza kupanda tena katika baadhi ya misimu, homa nyingi za watoto sasa zina sababu nyengine, kama vile kichomi au maradhi ya njia ya mkojo. Hivyo basi, kipimo hakina budi kuitangulia dawa. Mazoea ya miaka 20 hayaondoki kwa waraka mmoja. Huondoka pale daktari anaposimama mbele ya mtoto mwenye homa, akapima, akakuta hakuna malaria, na mwenzake mwenye uzoefu akamuuliza, "Sasa ni nini?"

Yako pia mambo ambayo kitabu kinaweza kuyaandika lakini hakiwezi kuyafundisha. Mwongozo wa tiba ya watoto uliotayarishwa na Shirika la Afya Duniani pamoja na UNICEF katika miaka ya 1990 unaeleza kuwa mtoto mwenye kikohozi, mwenye umri wa miezi 2 hadi kabla hajatimiza miezi 12, akivuta pumzi mara 50 au zaidi kwa dakika, anapumua kwa haraka na huenda ana kichomi. Kwa mtoto wa miezi 12 hadi miaka 5 kiwango ni mara 40. Kuisoma sentensi hiyo ni kazi ya muda mfupi. Kumhesabia pumzi kwa dakika nzima mtoto anayelia, aliyeshikwa na mama mwenye wasiwasi, huku foleni ikiwa ndefu, ni jambo jengine kabisa, nalo hufundishika penye mtoto tu.

MASUALI YASIYOPATA JAWABU

Watafiti wamejaribu kuyahesabu masuali yanayowajia madaktari wakiwa kazini. Mwaka 1985 ulichapishwa utafiti uliofanywa nchini Marekani kwa madaktari 47, kila mmoja kwa nusu siku ya kazi ya kawaida. Katika muda huo mfupi madaktari hao walitaja masuali 269 kuhusu matibabu ya wagonjwa waliokuwa mbele yao. Yaliyopata jawabu kabla mgonjwa hajaondoka yalikuwa asilimia 30 tu, na mara nyingi jawabu lilitoka kwa daktari au mhudumu mwengine. Vitabu vilivyokuwapo vilikuwa vya zamani, au havikuwa na mpangilio mzuri, au muda wa kuvitafuta haukuwapo.

Mwaka 1999 ulichapishwa utafiti mwengine, wa madaktari 103 wa jimbo la Iowa nchini humo humo. Masuali yaliyorekodiwa yalikuwa 1,101, na karibu thuluthi mbili hayakutafutiwa jawabu hata kidogo.

Nchi hiyo ina maktaba na vifaa vingi. Ikiwa hali ilikuwa hivyo huko, ni wazi kwamba tatizo halitokani na umasikini wa vitabu peke yake. Tatizo ni kwamba suali huzuka mahali pamoja na jawabu limewekwa mahali pengine, na baina yake pana foleni ya wagonjwa. Kuuliza si ujinga, lakini anayeuliza lazima awe na wa kumjibu, na awe na wakati wa kulisikia jawabu. Utaratibu wa mafunzo kazini unakusudia kuupunguza umbali huo.

SEMINA NA MAFUNZO YA WODINI

Kwa miaka mingi njia iliyozoeleka ya kuwaendeleza wafanyakazi wa afya imekuwa ni semina. Mfanyakazi huitwa mjini au hotelini kwa siku moja au wiki moja, husikiliza, hupewa makabrasha, kisha hurejea kazini. Njia hiyo ina faida zake, khasa panapokuwa na jambo jipya kabisa la kutangazwa. Lakini ina gharama isiyoonekana katika hesabu: wakati daktari yuko semina, wodi yake imebaki na watu wachache. Katika hospitali ya wilaya yenye madaktari wa kuhesabika kwa vidole, pengo hilo si dogo.

Suali jengine ni iwapo mambo yaliyofundishwa semina hufika kwa mgonjwa. Jibu moja la wazi limetoka Tanzania Bara, katika Hospitali ya Kilutheri ya Haydom, mkoani Manyara. Mwaka 2010 wahudumu wa uzazi wa hospitali hiyo walipewa mafunzo ya siku moja ya kumsaidia mtoto mchanga asiyepumua, kwa kutumia mwanasesere pamoja na mfuko na barakoa ya kupulizia hewa. Miezi kadhaa baadaye walipojaribiwa kwa mwanasesere walifanya vizuri zaidi kuliko kabla ya mafunzo. Hata hivyo, walipotazamwa katika chumba cha uzazi, mbele ya watoto halisi, matendo yao hayakuonesha mabadiliko yaliyotarajiwa. Ujuzi ulikuwapo, ila haukuvuka mlango wa chumba cha uzazi.

Mwaka 2011 utaratibu ukabadilishwa. Mazoezi yaliletwa pale pale penye kazi, ya dakika 3 hadi 5 kila wiki, pamoja na marudio ya kila mwezi. Matokeo yaliyochapishwa baadaye yalionesha kuwa vifo vya watoto katika saa 24 za mwanzo vilipungua kutoka 11.1 hadi 7.2 kwa kila watoto 1,000 waliozaliwa. Mwanasesere alikuwa yule yule na wahudumu walikuwa wa hospitali ile ile. Kilichobadilika ni mahali na wakati wa kujifunza: mara kwa mara, kidogo kidogo, karibu na mgonjwa.

MFANO WA HOSPITALI YA MNAZI MMOJA

Hatuna haja ya kwenda mbali kutafuta ushahidi. Hospitali ya Mnazi Mmoja ndiyo hospitali kuu ya rufaa ya Zanzibar. Katika miaka ya 2014 hadi 2016 madaktari na wakunga wa wodi yake ya wazazi, kwa kushirikiana na watafiti wenyeji na wa kutoka nje, waliendesha mpango uliojulikana kwa jina la PartoMa.

Wakati huo wodi hiyo ilikuwa ikizalisha zaidi ya wanawake 10,000 kwa mwaka, na mhudumu mmoja aliweza kuwa na wazazi kadhaa kwa wakati mmoja. Miongozo ya kimataifa ilikuwapo, lakini ilikuwa mirefu, na iliandikwa kana kwamba kila mzazi ana mhudumu wake. Mwongozo usiotekelezeka humfanya mhudumu auache wote, hata ile sehemu ambayo angeliiweza.

Waliohusika hawakuanza kwa kuagiza mashine. Walikaa na wahudumu wenyewe wakatayarisha kijitabu chenye kurasa chache, cha kuingia mfukoni, kinachoeleza mambo ya lazima: namna ya kuijaza patografu, yaani chati ya maendeleo ya uzazi, wakati wa kusikiliza mapigo ya moyo wa mtoto aliyemo tumboni, wakati wa kupima shinikizo la damu la mama, na lini dawa ya kuongeza uchungu inafaa na lini ni hatari. Viwango vyake vilipangwa kwa kuzingatia idadi ya wahudumu waliopo. Aidha, kila baada ya miezi mitatu zilifanyika semina fupi hapo hapo, nje ya saa za kazi na kwa hiari, ambapo wakunga na madaktari, wapya na wazoefu, walijadili kwa pamoja mifano ya wazazi kama wale waliowahudumia.

Vipimo vilichukuliwa kabla ya mpango kuanza na tena baada ya mwaka mmoja. Watoto waliozaliwa wakiwa wamekufa walipungua kutoka 59 hadi 39 kwa kila uzazi 1,000. Waliozaliwa wakiwa dhaifu sana, kwa alama wanazopewa dakika 5 baada ya kuzaliwa, walipungua kutoka 52 hadi 28 kwa kila 1,000.

Ni haki kueleza kuwa utafiti wa kulinganisha kabla na baada hauwezi kuthibitisha kwamba mabadiliko yote yametokana na sababu moja. Aidha, idadi ya 39 bado ni kubwa, na hakuna mzazi atakayeridhika nayo. Lakini tofauti ya watoto 20 katika kila uzazi 1,000, katika wodi yenye uzazi zaidi ya 10,000 kwa mwaka, si jambo la kupuuzwa. Na ilipatikana kwa njia zilizo ndani ya uwezo wetu: karatasi chache, mazungumzo ya ukweli, na suali kuulizwa pale linapozuka.

NJIA ZINAZOTUMIKA

Mwananchi anayekwenda hospitali anaweza kuziona njia hizi za mafunzo kazini:

(a) Raundi ya wodi. Daktari bingwa huwazungukia wagonjwa pamoja na madaktari wadogo na wauguzi. Kila mgonjwa huelezwa na daktari anayemshughulikia, na mkubwa huuliza sababu ya kila uamuzi. Hapo mgonjwa huchunguzwa kwa mara ya pili na jicho lenye uzoefu zaidi.

(b) Ripoti ya asubuhi. Waliokesha zamu huwaeleza wenzao waliopokelewa usiku, yaliyofanyika na yaliyoshindikana.

(c) Kikao cha kujadili vifo. Mgonjwa anapofariki, khasa mama mzazi, wahusika hukaa kufuatilia hatua moja baada ya moja ili wajue wapi palistahili kufanywa vyengine. Kikao cha namna hii hufaa pale tu kinapotafuta sababu. Kikigeuka kuwa cha kutafuta wa kulaumiwa, watu hunyamaza na funzo hupotea.

(d) Mwongozo wa tiba na kijitabu cha mfukoni. Kipimo cha dawa kwa mtoto hufuata uzito wake. Daktari anayetazama kipimo hicho kabla ya kuandika anastahili kuaminiwa zaidi kuliko anayekitegemea kichwa chake wakati wa usiku wa manane.

(e) Maktaba ya mtandao. Tokea mwaka 2002, kwa mpango wa HINARI unaosimamiwa na Shirika la Afya Duniani, taasisi za nchi zenye kipato kidogo zimewezeshwa kuyasoma majarida ya udaktari bila malipo au kwa malipo madogo. Simu ya mkononi sasa inaweza kuyafikisha maandishi hayo hadi kitandani. Lakini si kila kinachopatikana katika simu ni sahihi, na kuchambua ni sehemu ya mafunzo yenyewe.

Njia zote hizi zinahitaji kitu kimoja ambacho hakinunuliwi dukani, nacho ni mkubwa anayekubali kuulizwa. Daktari bingwa anayemfokea mdogo wake mbele ya wagonjwa kwa sababu ya kutojua humfundisha jambo moja tu: kutouliza tena. Vivyo hivyo, mkunga mwenye uzoefu wa miaka 25 ana mengi ya kumfunza daktari mpya, na hospitali ambayo daktari huona haya kumuuliza mkunga imejinyima mwalimu iliyekuwa naye.

HAKI ZA MGONJWA

Mafunzo haya hayamuondolei mgonjwa haki yake hata moja. Mgonjwa ni mtu mwenye heshima yake, na amekuja kutibiwa. Kwa msingi huo, maadili ya udaktari yanataka yafuatayo yazingatiwe:

(a) Mgonjwa aelezwe ni nani wanaomtazama na kwa nini, na aombwe ridhaa kabla ya kuchunguzwa kwa ajili ya mafunzo. Akikataa, matibabu yake yasipungue.

(b) Sitara yake ilindwe. Pazia livutwe, na mwanamke achunguzwe kwa kuzingatia stara na mila zetu.

(c) Mambo mazito, kama vile maradhi yasiyotarajiwa kupona, yasizungumzwe juu ya kichwa chake kana kwamba hasikii.

(d) Picha yake au habari zake zisipelekwe katika simu za watu wengine bila ya ridhaa yake, hata kama nia ni kuomba ushauri.

(e) Daktari anayejifunza kazi ya mkono, kama vile upasuaji, aifanye chini ya macho ya anayeijua, mpaka atakapothibitishwa kuwa anaweza kuifanya peke yake.

WAJIBU WA WANANCHI

Kwa mnasaba huo, wananchi wanaombwa kushirikiana na madaktari wao. Daktari anapouliza suali ambalo mwenzake ameshaliuliza, ajibiwe kwa ukamilifu, kwani maelezo yanayotolewa mara ya pili aghalabu hutoa jambo lililosahauliwa mara ya kwanza. Mgonjwa aseme dawa zote alizotumia, zikiwemo za kienyeji na zile alizopewa na jirani. Vyeti na kadi za kliniki zihifadhiwe na ziletwe.

Aidha, mgonjwa naye ana haki ya kuuliza: maradhi yangu ni nini, dawa hii ni ya nini, na nikiona dalili gani nirejee upesi. Suali la mgonjwa ni sehemu ya mafunzo ya daktari, kwani mara nyingi humfanya alitafute jambo alilokuwa amelichukulia kuwa analijua.

Mwisho, daktari anaposema mbele ya mgonjwa, "Suala hili nitalitazama kwanza, kisha nitarudi," kauli hiyo isihesabiwe kuwa ni upungufu wake. Ahesabiwe kuwa amechukua ahadi, na wananchi wana haki ya kumtazamia airejeshe ahadi hiyo, kwa jawabu, siku hiyo hiyo.